Je, Wajua? Miale Itambuayo Vumbi
Je, wajua kwamba skana bora za filamu, zaidi ya nuru ya kawaida, hupitisha katika filamu miale ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, na kwa kuwa negativu ya rangi huiachia miale hiyo ipenye, ilhali vumbi na mikwaruzo huizuia au kuitawanya, programu hutambua dosari zilipo ikazifuta? Lakini negativu za kale za nyeusi na nyeupe, ambazo taswira yake ni chembe za fedha halisi, hazifaidiki na neema hiyo: fedha nayo huizuia miale, hata weupe wa kanzu ya bwana arusi, ambao katika negativu ndio fedha iliyokoza, ukadhaniwa uchafu na kuharibiwa. Kwa hizo, tafadhali, izime kazi hiyo ya kufuta dosari, ushike filamu ukingoni, na vumbi uliondoe kwa kipulizio cha mpira, wala si kwa kinywa, maana mate huacha madoa.