JOGOO MZEE NA SUFURIA MOJA

Mwezi huu tunaongea juu ya kuku. Tena si yule kuku wa kisasa anayeiva upesi, hapana. Tunaongea juu ya jogoo mzee, au tetea aliyeacha kutaga, yule ambaye kila mtu anasema ni mgumu kama kandambili.

Familia nyingi hapa kambini zinafuga kuku wawili watatu nyuma ya nyumba. Siku akichinjwa yule mzee, yanatokea mambo mawili. Kwanza, moto unawashwa mkubwa ili aive haraka, kuni zinaisha, na nyama bado inavuta meno. Pili, wakati wa kugawa, baba anapata paja na firigisi, mgeni anapata kidari, watoto wanabaki na shingo na miguu. Sasa tujiulize: kuku mmoja, watu 8, kuni haba. Tufanyeje?

Tujifunze kwa wakulima wa Ufaransa

Wafaransa wana chakula kinaitwa coq au vin, maana yake jogoo katika divai. Kinajulikana sana upande wa Bourgogne, nchi ya mizabibu. Leo utakikuta kwenye hoteli za bei kubwa, lakini chenyewe ni chakula cha mashambani. Mkulima ana jogoo aliyechoka, ana divai, vitunguu, karoti na uyoga. Anatia vyote sufuria moja, anafunika, anaacha moto mdogo ufanye kazi saa mbili, hata tatu. Upande wa Alsace wanatumia divai nyeupe, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwao.

Husimuliwa pia kwamba mfalme wao Henri wa Nne, aliyetawala kuanzia 1589 mpaka 1610, alitamani kila mkulima awe na kuku chunguni siku ya Jumapili. Ndiyo kusema hata huko, kuku wa familia lilikuwa jambo la kutamaniwa.

Na sisi je? Kwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika kuna michikichi, ndiyo maana Wakongo tunapika kuku kwa mchuzi wa ngazi, ile moambe. Kila mtu na kilichopo kwake. Kazi ya sufuria ni ile ile.

Kwa nini moto mdogo?

Kuku aliyetembea miaka mingi ana nyuzi nyingi ngumu zinazoshikilia misuli. Zikipata joto la taratibu kwa muda mrefu, zinalainika na kuyeyuka, zinakuwa ute. Ni ute ule ule unaoganda mchuzi wa kongoro ukilala. Ndio unaofanya nyama iachie mfupa na mchuzi uwe mzito.

Moto mkali haukusaidii kitu. Maji yakishachemka, hayazidi kuwa moto hata ukiongeza magogo kumi. Yanakauka tu, na nyama inajikunja na kukakamaa. Zile kuni umezichoma bure. Na kuni hizo nani alizileta? Ni mama na mabinti, na wote tunajua umbali wa porini na hatari za huko. Sisi walimu tunaona pia nafasi za mabinti zikiwa wazi darasani siku ya kuni. Kwa hiyo mama akipunguza moto chini ya sufuria, anapunguza safari moja ya mtoto wake.

Habari ya divai

Wengi wetu hatutumii pombe kwa sababu ya imani, na wengine kwa afya. Utasikia watu wakisema pombe yote inaruka na mvuke. Si kweli. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kikichemka taratibu dakika 30, pombe inayobaki ni kama asilimia 35. Hata baada ya saa mbili na nusu inabaki kama asilimia 5. Basi anayetumia divai amwambie mgeni wake kabla hajala. Kumficha jirani kilichomo sufuriani si ukarimu.

Lakini msikate tamaa. Kitu kimoja kikubwa ambacho divai inaleta ni uchachu, na uchachu tunao: nyanya mbivu, ndimu, ukwaju. Na gongo isiingie kabisa kwenye sufuria!

Tupike sasa

Kwa watu 8 tafuta: jogoo 1, vitunguu 3, nyanya mbivu 5, karoti 3, viazi 8 au ndizi za kupika, vitunguu saumu punje 4, mafuta vijiko 3, unga kijiko 1, ndimu 1 au ukwaju kidogo, chumvi. Uyoga ukipata wa sokoni unaoujua, vizuri zaidi. Kuku awe mzima, amechinjwa. Aliyekufa mwenyewe asiliwe.

1. Kata vipande vidogo 16, ili kila mtu apate 2. Paka chumvi, ndimu na saumu, weka kivulini saa moja kwenye bakuli la plastiki au chungu, umefunika. Wafaransa wanalaza usiku kucha, lakini wao wana baridi au friji. Sisi tusijaribu.

2. Kaanga vipande mpaka viwe vya kahawia. Usiruke hatua hii, ndiyo yenye harufu. Tia vitunguu, nyunyiza unga, koroga, halafu tia nyanya.

3. Mimina maji ya moto yafunike nyama. Yakichemka, toa kuni, bakiza moja au mbili. Sufuria iwe inanong'ona, isipige kelele. Funika, uache saa moja.

4. Sufuria ikiwa bado inachemka, ifunike vizuri, iweke ndani ya kapu lenye majani makavu ya mgomba, ifunge na blanketi nzito. Iache saa mbili bila kufunua. Joto lililomo linaendelea kupika bila kuni.

5. Rudisha motoni, tia karoti, viazi na uyoga, chemsha dakika 25 mpaka nyama iachie mfupa. Asiyeshiba aongeze ugali.

Mchuzi usilale kwenye sufuria ya aluminiamu, kwa sababu uchachu unaila. Kiliwe chote jioni ile ile.

Wakati wa kugawa

Hapa ndipo penye uzuri wa sufuria moja. Ladha yote imeingia kwenye mchuzi na viazi, hakuna anayekula mboga kavu. Na vile vipande 16, wababa tunaomba mtusikilize: mama mjamzito na watoto wadogo wanahitaji nyama kuliko sisi tuliokwisha kukua. Wapewe kwanza. Firigisi ni yako baba, hatujaigusa, lakini ukimkatia mtoto nusu, heshima yako haitapungua. Itaongezeka.

Haraka haraka haina baraka, hata jikoni. Mbaki salama mpaka mwezi ujao.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.