Sony: neno walilolitunga wenyewe

Mwezi wa Mei 1946 Masaru Ibuka na Akio Morita walianzisha Tokyo kampuni ndogo, Tokyo Tsushin Kogyo, kwa mtaji wa yeni 190,000. Walipotaka kuuza nje ya Japani, jina hilo likawa kikwazo: Wamarekani walishindwa kulitamka.

Wakatafuta neno fupi. Walianza na sonus, "sauti" kwa Kilatini, wakaliunganisha na sonny, jinsi Wamarekani wanavyomwita kijana. Lakini Wajapani wangelisoma "son-ni", na son kwao ni hasara. Nani angefungua duka lenye jina la hasara? Herufi n moja ikaondolewa. Redio yao ya transista ya 1955 ilibeba jina Sony, na mwaka 1958 kampuni nzima ikalichukua.

Kati ya miaka hiyo Bulova, kampuni ya Marekani, iliagiza redio 100,000 kwa sharti ziandikwe Bulova. Wenzake walitaka akubali, Morita alikataa. Kwangu mimi, uamuzi huo unazidi mashine yoyote waliyounda.

Halafu ikaja Walkman, 1979: Kiingereza kilichotungwa na Wajapani. Marekani waliiita kwanza Soundabout, Uingereza Stowaway, lakini wanunuzi walilipenda lile la Tokyo. Likaingia kamusi ya Oxford mwaka 1986. Mwanaisimu anaona hapo jina la pekee likigeuka nomino ya kawaida, na kampuni ikalipa gharama yake: mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Austria iliamua kwamba walkman limekuwa neno la watu wote.