Kwa nini injini kubwa za Marekani hazikutamba katika utelezi wa nchi ya majani chai

PASAKA ya mwaka 1964, kampuni ya Ford ya Marekani ilileta Nairobi kikosi cha magari ya Mercury Comet kushiriki mashindano ya East African Safari. Yalikuwa magari mapana yenye injini za silinda nane za ujazo wa lita 4.7, na yalikuwa yametayarishwa na Bill Stroppe, fundi mashuhuri wa California. Kati ya magari 94 yaliyoondoka, ni 21 pekee yaliyofika mwisho. Comet zilizofika zilikuwa mbili tu, tena nyuma sana.

Mshindi, Peter Hughes, aliyeelekezwa njia na Billy Young, aliendesha Ford Cortina GT ya lita 1.5. Wa pili alikuwa Erik Carlsson wa Uswidi, na injini ya Saab 96 aliyoiendesha haikufika hata lita moja.

Matokeo hayo lazima yaliwashangaza mashabiki wa Marekani, kwani mwaka huo huo jina la Comet lilikuwa likitajwa kwa heshima katika mbio za robo maili, maarufu kama dragi. Mbio hizo ni sahili mno kuzieleza: magari mawili husimama sambamba, taa huwaka, kisha kila dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho wa mita 402 za lami kavu iliyonyooka. Hakuna kona, hakuna mlima, hakuna mvua. Mvua ikinyesha, mbio huahirishwa.

Ushindani wa msimu huo ulikuwa mkali kwa sababu kampuni ya General Motors ilikuwa imejiondoa rasmi katika mashindano mnamo Januari 1963, ikawaachia uwanja Ford na Chrysler. Ford ilitwaa injini yake ya inchi 427 za ujazo, yaani lita 7, ikaiingiza katika Comet na pia katika Fairlane iliyobatizwa Thunderbolt. Chrysler ikajibu kwa injini ya inchi 426, iliyojulikana kama Hemi, ndani ya magari ya Dodge na Plymouth. Pande zote mbili zilitangaza nguvu za farasi 425. Ni vigumu kuamini kwamba mahasimu wawili walifikia tarakimu ile ile kwa bahati, na mafundi wengi wa zama hizo walishikilia kwamba nguvu halisi zilizidi hapo.

Tofauti ilikuwa katika namna injini hizo zilivyopumua. Katika Hemi, chumba cha kuchomea mafuta kina umbo la nusu tufe, na vali zake ni kubwa na zinaelekeana, hivyo hewa huingia upande mmoja na moshi kutoka upande wa pili bila kusongamana. Kasoro yake ilikuwa uzito wa vichwa vya silinda na gharama ya kuvitengeneza. Ford, kwa upande wake, iliinua njia za kuingizia hewa juu sana hata boneti ikabidi itiwe nundu. Katika Thunderbolt, taa mbili za ndani ziliondolewa ili matundu yake yavute hewa baridi moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Sehemu za mbele ziliundwa kwa faibaglasi ili kupunguza uzito. Magari ya aina hii yaliweza kumaliza robo maili kwa muda usiozidi sekunde 12.

Sasa magari hayo na yaletwe Kericho au Bomet, hata kama ni kwa fikira tu.

Jambo la kwanza ambalo yangekutana nalo ni uhaba wa hewa. Miji hiyo iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa hupungua kwa takriban moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyosaidiwa na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Nguvu 425 za farasi zingebaki kama 340 hivi, na kabureta isiyorekebishwa ingemwaga mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Wamarekani wenyewe waliijua shida hii: uwanja wa Bandimere karibu na Denver, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,770, na muda wa magari yaliyokimbia huko ulikuwa mbaya kuliko wa viwanja vya pwani.

Hata hivyo, hewa nyepesi peke yake haiwezi kubebeshwa lawama za 1964. Huibia injini zote kwa uwiano mmoja, ndogo kwa kubwa. Cortina nayo ilipoteza moja kwa tano ya nguvu zake. Injini inayonufaika kweli ni yenye tabo, ambayo husukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda na hivyo kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Ndiyo sababu Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution ya lita mbili inaweza kuliaibisha gari la Kimarekani la zamani katika nyanda za juu, jambo ambalo lingekuwa gumu zaidi kando ya bahari.

Kilichoamua mambo ni ardhi. Kericho hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikishuka alasiri, na Pasaka huangukia mwanzoni mwa masika au katikati yake. Mashindano ya Safari yalipangwa wakati huo makusudi. Hata pale njia yake ilipopita mbali na mashamba ya chai, utelezi ulikuwa ule ule anaoufahamu kila mkazi wa Bomet: udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, kisha baada ya mvua ya nusu saa huwa kama sabuni.

Katika udongo huo, nguvu za injini hazina thamani kuliko kile ambacho tairi inaweza kukishika. Lami kavu huipa tairi mshiko mkubwa, na hapo injini ya lita 7 huonyesha ubabe wake. Tope hupunguza mshiko hadi chini ya nusu, na pengine chini zaidi. Gurudumu linapopokea nguvu kuliko uwezo wa mshiko, huzunguka pale pale lilipo, linachimba, na gari linaketi juu ya tumbo lake. Dereva wa gari lenye nguvu 80 anaweza kukanyaga mafuta kwa ujasiri mahali ambapo mwenzake mwenye nguvu mara tatu analazimika kugusa pedali kama anayekanyaga mayai.

Uzito nao una siri yake. Katika Comet, injini nzito ya chuma ilikaa mbele ilhali magurudumu yanayosukuma yalikuwa nyuma, ambako uzito ulikuwa haba. Saab ilikuwa kinyume: injini ilikaa mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yaliyovuta, hivyo uzito wote wa mtambo ulikandamiza tairi zilizofanya kazi. Tena ilikuwa nyepesi. Carlsson aliponasa katika tope wakati wa mashindano hayo, yeye na mwenzake waliibingirisha Saab kama pipa hadi ikatoka, kisha wakaendelea na safari. Inasemekana wanahabari walipokataa kusadiki habari hiyo, aliwaonyesha jinsi ilivyofanyika. Hakuna aliyeweza kufikiria kuibingirisha Comet.

Wanaosafirisha majani chai hawahitaji kuelezwa haya. Majani yaliyochumwa hayana budi kufika kiwandani kabla hayajaharibika, barabara iwe kavu au iwe mto. Mwenye lori huuliza kwanza habari za tairi, gia nzito na uimara wa springi. Mkulima hulipwa kwa kilo zilizofika, na lori lililokwama usiku kucha kilomita mbili kutoka kiwandani ni hasara kwake hata kama lina injini ya kutisha.

Kuna pia suala la kusimama, ambalo mashabiki wa mbio huligusa kijuujuu. Gari la dragi hufunga breki mara moja tu, na mbele yake kuna nafasi ndefu iliyo wazi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Barabara za eneo hili hushuka na kupinda, zikipita katikati ya masoko na vituo vya matatu. Mnamo Juni 30, 2023, lori lililokosa mwelekeo lilivamia magari na wachuuzi katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Hiyo haikuwa mbio, lakini yeyote anayefikiria kupima injini yake usiku katika barabara ya Kericho kuelekea Nakuru anapimia kwenye mteremko ule ule, na mwisho wake hakuna uwanja wa kupunguzia kasi.

Miongoni mwa walioielewa ardhi hii mapema alikuwa mzaliwa wa Kericho. Joginder Singh alizaliwa huko mwaka 1932 akawa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Comet kushindwa, yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, gari lililokuwa limekwishatumika, lenye injini ya lita 1.8 na umbo lililoonekana kupitwa na wakati. Hakulichagua kwa sababu ya kasi. Fundi hulijua gari kwa kuangalia ni kitu gani kitakachovunjika kwanza.

Katika Safari 22 alizoanza, Joginder alifika mwisho mara 19. Mwaka 1974, katika mvua iliyoyazamisha magari mengi, alishinda tena akiwa na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, akimtangulia Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Alirudia mwaka 1976, na safari hiyo magari matatu ya kwanza yote yalikuwa Lancer ndogo. Alifariki London mnamo Oktoba 2013.