Ukifika Bagamoyo, shuka utembee



Parokia nyingi za huku kwetu, kuanzia Tabata hadi Segerea na Kinyerezi, hukodi mabasi kwenda kuhiji Bagamoyo. Safari yenyewe ni fupi, kilomita 70 hivi, kupitia Mwenge, Tegeta na Bunju. Watu huimba njiani, hufika, husali Misa, hupiga picha, hula samaki, na jioni wanarudi nyumbani wamefurahi. Hakuna ubaya. Lakini leo nakuomba jambo moja: safari ijayo, basi likisimama, shuka utembee. Bagamoyo ni mji uliofikiwa kwa miguu karne nzima kabla ya magari, na usemi wake unasikika vizuri zaidi kwa mtu anayekwenda kwa miguu.

Anzia ufukweni, penye Msalaba. Machi 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa wakitokea Zanzibar, wakaanzisha misheni. Ndiyo sababu Novemba 2018 Kanisa letu liliadhimisha hapo hapo miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara. Simama kidogo, tazama bahari. Kisha igeuzie mgongo, ufuate njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili, inayoelekea kanisani. Kivuli kipo, usikimbie.

Unapotembea chini ya miembe hiyo, kumbuka waliolima mashamba ya misheni. Walikuwa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Walilipiwa fedha kama bidhaa, wakaletwa hapa, wakapewa mahali pa kuishi, shule na jembe. Pango la Bikira Maria utakaloliona mbele limejengwa kwa mikono ya watu hao. Wengi hawakuweza kurudi kwao, kwa kuwa kijiji kilikuwa kimechomwa, au walichukuliwa wakiwa wadogo mno hata kukumbuka jina la kijiji. Ukipiga magoti pangoni, waombee hao kwanza, kabla ya kutaja ada ya shule na kodi ya nyumba.

Pitia pia makaburi ya wamisionari. Soma miaka iliyoandikwa, ufanye hesabu. Wengi walikufa vijana, miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu, kwa malaria. Karibu na hapo upo mbuyu mkubwa. Inasimuliwa kwamba zamani mama mmoja aliyesaidia misheni alifunga mnyororo kwenye mti huo kwa ajili ya punda wake. Mnyororo ukasahauliwa, mbuyu ukanenepa, ukaumeza. Leo kinachoonekana ni kipande kifupi tu cha chuma kinachochungulia kwenye gome. Watoto hucheka wakikiona. Mtu mzima anapaswa kunyamaza kidogo, kwa sababu mji huu ulijua minyororo ya aina nyingine, na nayo ilizama mwilini mwa watu.

Sasa nenda kwenye mnara wa kanisa la zamani. Hapa ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874. Mmisionari huyo, ambaye hakuwa Mkatoliki, alifia katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake huko chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kwa magome na nguo, wakaubeba. Walitembea kilomita zaidi ya 1,500, kwa miezi kama tisa, wakipita penye njaa, magonjwa na hofu. Wangeweza kumzika palepale na kwenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Walipofika pwani, wengine waliuchukua mwili kwa meli, ukazikwa London Aprili 18, 1874, kwa heshima zote. Chuma na Susi hawakuwepo kwenye mazishi hayo.

Ndiyo maana jina la mji huu lina uzito. Wapo wanaosema Bagamoyo ni “bwaga moyo” ya wapagazi: baada ya miezi ya kubeba pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora, mtu anaiona bahari, anatua mzigo, moyo unapumzika. Wapo wanaosema ni “bwaga moyo” ya watumwa: acha moyo wako hapa, maana ukishapanda jahazi hutaiona tena nchi yenu. Wote walikuja kwa njia moja, vumbi lile lile, mto ule ule. Mmoja alifika akapumzika, mwingine alifika akakata tamaa. Tofauti yao ilikuwa kwamba mmoja alitembea akijua atarudi kwao, na mwingine alitembea akiwa mali ya mtu.

Ukiwa bado na nguvu, tafuta mwongozaji mwenyeji mwende Kaole, kama kilomita tano kusini. Yapo magofu ya misikiti na makaburi ya tangu karne ya 13. Beba maji na kofia, toka asubuhi kabla jua halijakali, na msitembee mmoja mmoja. Ukifika, uwe na adabu ya mgeni. Watu walimwomba Mungu pale miaka mamia kabla Msalaba wetu haujasimikwa pwani.

Mpendwa msomaji, huenda unajiuliza kuna haja gani ya kuchoka hivyo, wakati Mungu anasikia hata sala ya ndani ya basi. Anasikia, kweli. Lakini soma tena Luka sura ya 24. Wale wanafunzi wawili waliokwenda Emau walikuwa na safari ya kilomita kama 11, si mbali sana na kutoka Tabata hadi Posta. Walitembea wakizungumza, wamevunjika moyo. Mtu wasiyemjua akawafikia, akaongozana nao, akawasikiliza. Aliweza kuwafikia kwa sababu walikwenda kwa mwendo wa binadamu. Mwenye haraka hasikii anayemwita nyuma.

Na hija haiishii Bagamoyo. Rudi nayo mtaani. Hapa Tabata kuna vichochoro ambavyo zamani watu wawili walipishana kwa salamu. Mmoja akasogeza ukuta wake, jirani naye akasogeza wake, na leo mtu mmoja anapita kwa ubavu. Siku ya kawaida tunacheka, tunazoea. Siku ya msiba ndipo aibu inapotuka: jeneza haligeuki, vijana wanalipitisha juu ya ukuta, na mjane anatazama. Chuma na Susi waliubeba mwili wa mgeni kutoka Zambia hadi Bagamoyo. Sisi tunashindwa kumtoa marehemu wetu kutoka chumbani hadi barabarani, kwa sababu ya nusu mita ya ardhi tuliyoitamani.

Basi nakupa kazi mbili. Ya kwanza: kama una ukuta uliobana njia ya wengine, ukae na majirani zako na mjumbe wa shina, mzungumze kabla msiba haujawalazimisha kuzungumza. Usiende Bagamoyo kuulilia utumwa wa kale huku umemfungia bibi wa watu njia ya kwenda zahanati.

Ya pili: kila jumuiya ina mtu ambaye zamani alikuja kusali na siku hizi haji. Miguu imekataa, au macho. Jioni moja wiki hii, usipande bodaboda. Mwende wawili, kwa miguu, hadi kwake. Mkifika msiharakishe kufungua kitabu cha nyimbo. Kaeni, mwulizeni habari, mwacheni aseme mpaka amalize. Atakapowasindikiza hadi mlangoni kwa fimbo yake, huenda mkaona kwamba ametua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake miezi mingi.

Bwana aliyetembea hadi akachoka na kuketi kisimani, aibariki miguu yako na njia yote unayopita. Jumapili njema.