Mawakala katika Mikataba ya Zana za Ulinzi: Funzo la Ununuzi wa Rada

Kampuni za kigeni zinazouza zana za ulinzi mara nyingi hutumia mawakala kuzifikia Serikali zinazotaka kununua. Kazi halali ya wakala ni kueleza sifa za bidhaa, kufuatilia nyaraka za zabuni na kumuunganisha muuzaji na ofisi husika. Kazi hiyo peke yake si kosa. Kosa huanza pale malipo ya wakala yanapofichwa, au sehemu yake inapomfikia mtu mwenye mamlaka ya kuamua nani apewe mkataba.

Tanzania iliiona tofauti hiyo katika ununuzi wa rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza. Mkataba huo wa takriban Dola za Marekani milioni 40 ulisainiwa mwaka 1999. Mwaka 2001, wakati Tanzania ikipatiwa nafuu ya madeni kama nchi maskini, Serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kuiuza rada hiyo nje licha ya upinzani wa Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa wa nchi hiyo.

Baadaye ilibainika kuwa takriban Dola milioni 12.4, karibu theluthi moja ya bei, zililipwa kwa wakala, nyingi zikipitia kampuni zilizosajiliwa ughaibuni. Desemba 2010, Mahakama ya Southwark jijini London iliitoza BAE Systems faini ya Pauni 500,000 kwa kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu za malipo hayo. Hakukuwa na shtaka la rushwa; hata hivyo, Jaji alieleza kuwa ni vigumu kuamini kwamba mpokeaji alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri.

Kampuni hiyo ilikubali pia kulipa Pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo, ambazo wananchi waliziita "chenji ya rada", zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Suala hili linamgusa mwananchi moja kwa moja kwa kuwa kamisheni ya wakala kwa kawaida huingizwa katika bei. Anayeilipa hatimaye ni mlipakodi wa nchi inayonunua. Aidha, usiri unaohitajika katika ulinzi unahusu aina, idadi na uwezo wa zana. Hauhusu nani amelipwa ili mkataba upatikane.

Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji wa rushwa, ikiwemo rushwa katika zabuni na mikataba. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika Julai 2011 huiwajibisha kampuni inaposhindwa kuzuia watu wanaoifanyia kazi, wakiwemo mawakala, kutoa rushwa popote duniani.

Mtumishi au mwananchi mwenye taarifa za malipo ya siri katika zabuni ya umma anaweza kuziwasilisha TAKUKURU kwa kupiga simu ya bure namba 113. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wa kumlinda.