Majengo kama Ushahidi: Sanaa ya Zarina Bhimji na Funzo kwa Kilembe
Zarina Bhimji, msanii mwenye asili ya Kiasia, alizaliwa Mbarara mwaka 1963. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda. Filamu yake Out of Blue, iliyooneshwa katika Documenta 11 mjini Kassel mwaka 2002, inaikabili historia hiyo takriban bila sura za watu: kamera hupita kwenye majengo yaliyotelekezwa, huku sauti zikibeba hofu. Hivyo jengo huwa shahidi. Hoja hii inaihusu Kilembe, ambako uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, makazi ya wachimbaji yakabaki. Sera ya kuufufua mgodi isiyotanguliza kuyaorodhesha majengo hayo itafuta ushahidi usioweza kufidiwa na nyaraka pekee.