Mipira Isiyoandikwa

Jumamosi moja alasiri, katika uwanja wa basketi hapa Uvira, upepo wa ziwa ukivuma kutoka upande wa Bujumbura, kijana mmoja mrefu aliupiga mpira wa mwenzake hewani kofi lililourusha hata ng'ambo ya ukuta, kisha akainua kidole cha shahada, akakitikisa kulia na kushoto, kama alivyokuwa akifanya marehemu Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa. Watazamaji walishangilia, mchezo ukasimama, mpira ukaenda kutafutwa.

Usiku ule nikafungua hesabu za NBA, ligi ya Marekani, nikaona kwamba Mutombo alizuia mipira 3,289 katika misimu yake 18, akiwa wa pili baada ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria mwenye 3,830. Nikamtafuta Bill Russell, ambaye wajuzi wa mchezo aghalabu humwita imamu wa kazi hiyo, nikakuta mahali pake patupu, kwa kuwa ligi ilianza kuandika mipira iliyozuiwa katika msimu wa 1973-74, naye alikuwa amekwisha staafu tangu 1969. Pengo lile limenikaa moyoni hadi leo.

Wasifu wake mashuhuri hauhitaji maneno mengi: alizaliwa Louisiana mwaka 1934, akatwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki huko Melbourne mwaka 1956, akaichezea Boston Celtics misimu 13 na kutwaa ubingwa mara 11, na mwaka 1966, mwaka uleule aliozaliwa Mutombo, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi ile, katika nchi ambayo ilimshangilia uwanjani na kumnyima staha mikahawani.

Lakini kilichonivuta mimi ni ule mkono wake wa kushoto. Warushaji wengi hutumia mkono wa kulia, hivyo Russell, akisimama uso kwa uso na mrushaji, mkono wake uliukabili mpira moja kwa moja, bila kukatiza kifua cha mtu. Na alipoufikia hakuupiga kwa ghadhabu. Aliugusa kwa ncha za vidole, taratibu, ukaangukia mikononi mwa mwenzake, na kabla adui hajatanabahi Boston walikuwa wamekwisha fika upande wa pili. Yeye mwenyewe alishikilia kwamba mpira uliorushwa kwa watazamaji umerudishwa kwa adui, na kwamba kazi ya mlinzi haikuwa kuzuia kila mpira, bali kumtia adui shaka kuwa kila mpira waweza kuzuiwa. Basi mpira ambao adui aliogopa kuurusha, karani gani angeuandika, na kwa wino upi?

Simlaumu Mutombo, Mungu amrehemu, aliyemjengea mama yake ukumbusho wa hospitali jijini Kinshasa. Kidole chake kiliwapa vijana wetu fahari ya kujiona katika ulimwengu mpana. Walakini natamani kijana yule wa Uvira amjue pia Russell, kwa sababu katika uwanja wenye mpira mmoja, kuuhifadhi mpira ni nusu ya mchezo.

Kocha wa Russell pale Boston, Red Auerbach, alimwahidi tangu mwanzo kwamba watakapozungumzia mshahara hawatahesabu pointi, bali ushindi. Naona ile ilikuwa insafu kubwa kuliko yote aliyofanyiwa katika kazi yake.

Tarehe 5 Mei 1969, mjini Los Angeles, alicheza dakika zote 48 za mchezo wake wa mwisho. Boston ilishinda 108 kwa 106. Daftari la ligi likamwandikia pointi 6 na ribaundi 21, wala halikumwandikia mpira hata mmoja alioukinga.